Mnyama Amekunusa: Kusaka Chanzo cha Harufu na Kukizima

Mwindaji aliyenuswa hukimbilia kuuliza sabuni gani ni kali zaidi. Swali hilo huja mapema mno. La kwanza ni hili: mnyama alikuwa amesimama wapi alipoinua kichwa? Alikuwa upande ambako upepo unakwenda? Alikuwa juu ya nyayo zako? Alikuwa amekaribia begi ulilolilaza chini? Mahali pale ndipo panapotaja chanzo cha harufu, na kila chanzo kina dawa yake. Kuoga mara tatu hakusaidii kitu ikiwa kosa liko kwenye viatu.

Lipo jambo la kukubali tangu mwanzo. Binadamu hawezi kuondoa harufu yake yote. Ngozi hupukutisha chembe zilizokufa mchana na usiku, pumzi hutoka na harufu ya kinywa na ya chakula, na jasho halikomi hata ukikaa kimya kivulini. Upande wa pili kuna pua iliyoumbwa kwa kazi hiyo: binadamu ana jeni zipatazo 400 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi, tembo wa Afrika ana karibu 2,000. Kinachowezekana ni kupunguza harufu hadi mnyama achelewe kukutambua, au akupate akiwa karibu zaidi. Muda huo mfupi ndio unaotafutwa.

Je, ni pua, jicho au sikio?

Kabla ya kulaumu jasho, hakikisha ni harufu iliyokuumbua. Mnyama aliyeona kitu hukaza macho pale ulipo, hupandisha na kushusha kichwa akitafuta umbo, pengine hupiga kwato chini. Aliyesikia hutanguliza masikio, kisha husubiri sauti ya pili. Aliyenusa hana haja ya kukutafuta kwa macho. Pua huinuka, matundu hupanuka, hutoa mkoromo mkali akatimka, mara nyingi bila hata kutazama upande wako.

Yuko na yule anayeondoka polepole akizunguka ili apite upande upepo unakokwenda. Huyu alishtushwa na jicho au sikio, na sasa anakwenda kuthibitisha kwa pua. Kwake kosa la kwanza lilikuwa kujitikisa au kupiga kelele. Harufu inakuja kumalizia tu.

Dalili: wanashtuka wakiwa mbali, wengi kwa pamoja, kabla hujawaona vizuri

Huu ni upepo, na hapa hakuna sabuni itakayokuokoa. Harufu husafiri kama moshi wa kijinga cha moto: karibu nawe ni uzi mwembamba uliokolea, na kadiri unavyokwenda mbali hutanuka na kufifia. Kundi zima likiinua vichwa kwa wakati mmoja, limekwisha kuingia ndani ya uzi huo.

Pima upepo kabla ya kuondoka, kila baada ya hatua mia moja hivi, na kila mara ardhi inapobadilika. Majivu makavu ndani ya soksi kuukuu yanatosha. Itikise kidogo uone vumbi linaelekea wapi. Unga laini usio na manukato ndani ya chupa ya kubinya nao hufanya kazi hiyo. Poda ya mwili usiitumie, kwa sababu hicho chombo cha kupimia ndicho kitakachopeleka harufu. Ila majivu na unga huonyesha upepo wa hapo ulipo tu. Kipimo bora, kwa maoni yetu, ni sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi: nyofoa nyuzi chache, ziachie, uzifuate kwa macho hadi zipotee. Mara nyingi utaziona zikienda hatua kumi mbele, zikasita, zikapanda, kisha zikageuka kushoto. Mgeuko ule ndio uliokuwa ukikuharibia windo, na usoni mwako hukuuhisi.

Kwenye miteremko, jua ndilo linaloamua. Ardhi ikipata joto asubuhi, hewa hupanda kufuata mlima. Jioni ardhi ikipoa, hewa nzito ya baridi hushuka bondeni. Kwa hiyo ukiwa chini yao alfajiri, kabla jua halijagusa mteremko, uko salama, na saa moja au mbili baadaye mahali palepale panakugeuka. Kati ya vipindi hivyo viwili hewa husimama na kuzungukazunguka. Wakati huo usinyemelee. Kaa, subiri sufi ionyeshe mwelekeo mmoja mara tatu mfululizo, ndipo usogee. Makorongo membamba, kingo za msitu na nyuma ya miamba mikubwa hewa hupinda hata siku yenye upepo mzuri. Ukinuswa mara mbili katika korongo moja, liache korongo hilo, usibadilishe sabuni.

Dalili: upepo uko sawa, lakini umefika umetota jasho na wa karibu wananusa

Jasho lenyewe likitoka huwa karibu halina harufu. Mwili una tezi za aina mbili. Zile zilizotapakaa mwili mzima hutoa maji na chumvi ili kupoza ngozi. Zile za kwapani na kinenani hutoa ute wenye mafuta na protini, na bakteria wa ngozini wakiula ndipo kikwapa kinapozaliwa. Tezi hizi za pili huchochewa na wasiwasi na msisimko, si joto peke yake. Ndiyo maana mtu hunuka zaidi dakika ile mnyama anapotokea, hata kama asubuhi ni ya baridi.

Kosa la kawaida ni kuvaa mavazi yote ya kuwindia nyumbani na kutembea nayo kilomita tatu. Tembea na shati jepesi, koti na suruali ya kuwindia vikiwa begini ndani ya mfuko uliofungwa. Punguza mwendo: ukishindwa kuongea bila kutweta, umekwenda kasi mno. Hatua mia chache kabla ya kufika mahali pa kuotea, simama dakika 10 hadi 15 mwili upoe. Futa kwapa, shingo, mgongo na uso kwa kitambaa kilicholowa maji matupu, jikaushe, badilisha fulana, kisha vaa nguo za nje. Fulana iliyolowa iingie kwenye mfuko usiopitisha hewa na ufungwe kabisa. Isitundikwe tawini ikauke.

Kuoga kuna mpangilio wake. Tumia sabuni isiyo na manukato. Povu likae dakika mbili kwapani, kinenani na miguuni, kisha suuza hadi ngozi isiteleze. Usisahau nyuma ya masikio na ngozi ya kichwa, maana mafuta ya kichwani hushika harufu na kuihamishia kwenye kofia. Nywele za kwapani zikipunguzwa, bakteria na ute hupungukiwa na mahali pa kung'ang'ania. Taulo nalo lifuliwe kwa sabuni ileile isiyo na manukato, kwani taulo la kila siku hurudisha harufu yote uliyoiondoa.

Dawa ya kuzuia jasho, ile yenye chumvi za alumini na isiyonukia, ipakwe usiku kwenye kwapa kavu kabisa, siku mbili au tatu kabla ya kwenda porini. Usiku tezi zimetulia, hivyo chumvi huingia na kuziba njia ya jasho. Ukipaka asubuhi jasho likiwa limeanza kutoka, nyingi huoshwa kabla hazijafanya kazi. Usiichanganye na deodoranti ya kawaida, ambayo haizuii jasho na mara nyingi huongeza manukato.

Kwa kikwapa sugu, sabuni ya kuoshea yenye benzoili peroksaidi asilimia 5 hupunguza bakteria vizuri: paka kwapani, acha dakika mbili, suuza sana, mara moja kwa siku. Hufifisha rangi ya taulo na nguo, kwa hiyo kaushia taulo jeupe. Ngozi ikiwasha, acha.

Dalili: umeoga, nguo zimefuliwa, na bado wananusa

Hapa tafuta ndani ya nguo, na uanze kwa kutoiamini pua yako. Pua huzoea harufu ya mwenyewe kwa dakika chache tu. Kaa nje kwenye hewa safi robo saa, kisha fungua mfuko wa nguo na unuse mara moja, ile pumzi ya kwanza. Au mpe mtu asiyeishi nyumbani kwako. Njia nyingine inayofichua mengi ni kulowesha kidogo sehemu ya kwapa ya shati kwa maji ya moto: joto na unyevu huamsha harufu iliyolala. Shati lililoonekana safi likikunja pua yako namna hiyo, mgongoni mwako litafanya vivyo hivyo.

Kitambaa chenyewe kina lawama. Poliesta hupenda mafuta kuliko maji. Hushika mafuta ya ngozi, na mafuta hayo hubaki baada ya kufua. Sufu ya kondoo hushika harufu ndani ya nyuzi zake na kuiachia taratibu, kwa hiyo mvaaji hanuki sana hata siku ya pili. Pamba iko katikati: hufulika vizuri, ila hunywa jasho na kukaa mbichi. Kwa nguo inayogusa ngozi, tunashauri sufu nyepesi. Poliesta iwe ya nje.

Ufuaji unaofaa ni huu. Yeyusha vijiko vinne vya chakula vya baikaboneti, ile soda nyeupe ya kuumulia keki, katika lita 10 za maji ya uvuguvugu. Loweka nguo saa moja, au usiku kucha zikiwa za poliesta. Fua kwa nusu ya kipimo cha kawaida cha sabuni isiyo na manukato, ukizigeuza ndani nje. Suuza mara mbili. Sabuni inayobaki kwenye nyuzi ni harufu mpya, na ni chakula cha uchafu mpya. Baikaboneti hufanya kazi kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya jasho ni asidi. Ikikutana na soda hugeuka chumvi, na chumvi hairuki hewani. Kwa sababu hiyohiyo haiondoi petroli, dizeli wala moshi wa sigara, ambavyo si asidi. Usikosee ukachukua magadi ya kufulia. Hayo ni makali zaidi na huchubua mikono.

Dawa ya kulainisha nguo isikaribie nguo za kuwindia. Huacha utando wenye manukato juu ya nyuzi. Sabuni za unga zinazodai kung'arisha weupe nazo ziepukwe, kwa sababu nyingine: zina kemikali zinazorudisha miale ya urujuanimno kama mwanga wa samawati, na wanyama wengi wa kwato huiona rangi hiyo vizuri. Kama unatumia mashine ya kufulia, izungushe kwanza tupu kwa maji ya moto ili masalio ya manukato yatoke.

Anika juani penye upepo, mbali na jiko na mahali magari yanapopita. Nguo ikauke hadi kwenye mishono na mifuko kabla ya kufungiwa, kwani unyevu kidogo tu huzaa harufu ya ukungu ndani ya siku mbili, na ukungu huo hautoki kwa kupunga hewa: utafua upya. Sanduku la plastiki likiwa jipya lina harufu yake. Lioshe kwa baikaboneti, liache wazi juani siku mbili au tatu ndipo uweke nguo.

Halafu kuna gari. Wengi hufanya yote hayo sawasawa, kisha huvaa nguo hizo na kukaa saa nzima kwenye kiti kilichonywa jasho, chakula na marashi ya kutundika, wakisimama njiani kujaza mafuta. Nguo za kuwindia zivaliwe baada ya kushuka. Ukitaka kubadilisha jambo moja tu kati ya yote tuliyotaja, anza na hili.

Dalili: mnyama anasimama kwenye njia uliyopitia, anainamisha pua, anageuka

Ni viatu, au suruali iliyosuguana na majani. Miguu ina tezi nyingi za jasho, na ngozi ya kiatu hunywa jasho hilo na kulirudisha ardhini kwa kila hatua. Gambuti halipitishi jasho, ndiyo nguvu yake, mradi nje pasiwe na mafuta ya gari. Lisugue nje kwa brashi na maji ya baikaboneti, lisuuze, likauke kivulini. Ndani weka soksi kavu zilizokunjwa zifyonze unyevu usiku. Usilivae sokoni, kituo cha mafuta wala jikoni.

Suruali ichomekwe ndani ya gambuti. Vaa glavu nyepesi unaposogeza matawi, na bora zaidi usiyasogeze. Njia ya kuingilia isikate njia wanayotumia wanyama. Ikibidi kuikata, ikate mara moja kwa pembe mraba, usiifuate. Ardhi yenye unyevu na asubuhi tulivu hushika nyayo zako kwa muda mrefu kuliko mchana mkavu wa jua kali.

Dalili: saa ya kwanza ni shwari, baadaye unanuswa

Kwanza pima upepo tena, kwa maana huenda umegeuka bila wewe kujua. Ukiwa uleule, angalia kinywa na begi. Kinywa kikikauka kwa kukaa kimya bila maji, bakteria wa ulimi hutoa gesi zenye salfa. Piga mswaki kwa baikaboneti kidogo, kwangua ulimi hadi nyuma, kunywa maji funda dogo kila mara. Kitunguu saumu hakitoki kwa mswaki: baadhi ya viini vyake huingia kwenye damu na kutoka mapafuni, na vinaweza kuendelea siku nzima. Kiache tangu siku mbili kabla, pamoja na pombe. Sigara inaharibu kinywa, vidole, nywele na nguo kwa pamoja, na mvutaji huwa wa mwisho kuinusa.

Begini, mtuhumiwa ni chakula, kisha mafuta ya bunduki. Futa mtutu na kufuli kwa kitambaa kikavu hadi ubaki utando mwembamba tu, na kazi ya kusafisha kwa dawa kali ifanywe siku kadhaa kabla.

Dawa ya kunyunyizia, na inapokosa kufanya kazi

Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa ajili ya viatu, begi na nguo za nje. Chukua mililita 500 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 500 za maji yaliyochemshwa yakapoa, robo kikombe cha baikaboneti, na mililita 30 za shampuu isiyo na manukato. Koroga kwenye ndoo ya plastiki hadi soda iyeyuke. Mchanganyiko hutoa gesi ya oksijeni, kwa hiyo usiufungie kwenye chupa ukakaza kifuniko: chupa itapasuka. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, maana peroksaidi huweza kufifisha rangi. Usiguse macho.

Wapo wanaouacha siku tatu kabla ya kuutumia. Hatuoni faida. Peroksaidi ikikaa na soda huvunjika, na baada ya siku hizo kilichobaki ni maji ya sabuni na baikaboneti. Tengeneza kiasi cha siku hiyo, lowesha kitambaa hasa (si rasharasha), acha kikauke, mabaki yamwage. Dawa yoyote, ya kununua au ya kutengeneza, ikinyunyiziwa juu ya shati chafu itaganda juu ya mafuta na kuacha chini yake kama palivyokuwa. Kwanza ufue.

Harufu za kufunika

Mkojo wa wanyama, kinyesi, majani yaliyopondwa, moshi wa kuni: vyote huongeza harufu juu ya yako bila kuifuta, na pua ya mnyama hutenganisha harufu kama jicho linavyotenganisha rangi. Majani ya palepale unapowindia hayana madhara. Kinyesi na mkojo usijipake, kwani hubeba vimelea na magonjwa yanayoingia hata kwa mchubuko mdogo.

Nguo zenye mkaa ulioamilishwa hufyonza harufu kweli zikiwa mpya. Vitundu vya mkaa vikijaa, mwisho wake umefika, na joto la mashine ya kukaushia hufungua sehemu tu; viwandani mkaa huo husafishwa kwa joto la mamia ya nyuzijoto. Mashine zinazotoa gesi ya ozoni huunguza harufu kwenye nguo, lakini ozoni hudhuru mapafu na huozesha mpira na lastiki. Isiwashwe chumbani au kwenye gari ukiwa ndani, na usielekeze kwenye gambuti.

Dawa ya mbu na kupe usiiache kwa kuogopa harufu. Pamethrini ya asilimia 0.5 hunyunyiziwa kwenye nguo, si ngozini, siku moja au mbili kabla, na ikikauka karibu haina harufu. DEET, dawa ya kufukuza mbu inayopakwa ngozini, ina harufu ya wazi. Ipake kidogo kwenye mikono na shingo pale tu pamethrini haitoshi.

Harufu isiyosikia dawa

Harufu ya shombo la samaki inayodumu licha ya kuoga inaweza kutokana na hitilafu ya mwili katika kuvunja kiini kiitwacho trimethilamini. Harufu tamu ya matunda kwenye pumzi, pamoja na kiu kali na kukojoa sana, inaweza kuwa kisukari kilichopanda. Jasho jingi la usiku lisilo na sababu nalo lina maelezo yake. Kwa hayo matatu nenda kwa daktari, na hiyo ya pumzi tamu usiilaze hadi kesho.